Nusura niuze reli ya marehemu shemeji

Ndugu msomaji, wiki hii sina habari za mapenzi wala za nyumba ndogo. Nina habari za reli. Na kabla hujafunua ukurasa mwingine, naomba dakika zako chache tu, maana reli yenyewe nusura niiuze kwa laki mbili na nusu, huku mwenye nayo kalala chumba cha pili hana habari.

Mambo yalianza hivi. Dada yangu aliolewa Masasi. Mumewe alikuwa na fremu ya fotokopi na kuchapa barua, na alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mkarimu. Ila alikuwa na jambo moja lililokuwa likinikera. Usiku akishafunga fremu, anakaa na mwanawe mkubwa mbele ya kompyuta ndogo ya mapajani, wanacheza gemu. Mtu mzima, na ndevu zake!

Siku moja nilimwambia mbele ya watu, "Shemeji, wenzako wanajenga nyumba za matofali, wewe unajenga za kwenye kioo." Watu wakaangua kicheko. Yeye naye alicheka, lakini kwanza alimtazama mwanawe. Lile jicho nimelikumbuka sana baadaye.

Mwaka 2023 shemeji aliugua siku nne tu, akatutoka. Baada ya arobaini tukakaa kikao. Kwetu Wamakonde mjomba si mtu wa kuja kula pilau na kuondoka. Mtoto wa dada ni wako, akikwama umekwama wewe. Basi dada akabaki Masasi na wadogo wawili, mimi nikampandisha mkubwa Newala asome huku. Alikuja na begi la nguo, ndoo, na ile kompyuta ya baba yake kaikumbatia kama mtoto mchanga.

Kwa wasiopajua, Masasi iko chini, kwenye joto na yale majabali yake makubwa. Newala iko juu, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde lote la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Asubuhi kuna ukungu na baridi. Mpwa wangu aliipokea baridi ile kwa kunyamaza. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Kwisha. Hali yako? Nzuri. Shule? Nzuri. Umekula? Nimekula. Mke wangu akawa ananiambia usiku, "Baba fulani, huyu mtoto anaishi kwetu au anasubiri gari?"

Mimi ni karani wa ghala katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho. Ukimuuliza mtu wa korosho atakwambia: kabla ya msimu, mifuko yetu imetoboka. Msimu unaanza Oktoba, na ilikuwa Julai. Kijana anatakiwa sare mpya, daftari, godoro, na michango ya shule isiyokwisha. Nikaitazama ile kompyuta. Nikasema moyoni, chombo chenyewe ni cha kuchezea, na mwenyewe hayupo tena. Nikampata kijana mmoja wa fotokopi, tukakubaliana laki mbili na nusu, akanipa laki moja ya kutangulizia. Siku hiyo hiyo nikanunua gunia la mahindi na mafuta ya kula. Kompyuta ataichukua Jumamosi.

Ijumaa usiku nikaamka kwenda nje. Nikaona mwanga chini ya mlango wa kijana. Saa nane usiku! Nikafungua mlango kwa hasira zote za mjomba.

"We! Kesho shule... ah, kesho Jumamosi. Lakini hata hivyo! Unafanya nini?"

Akashtuka. "Nashusha mzigo, mjomba."

Mzigo? Ghala langu lilikuwa tupu, gari sina, mtoto ananiambia anashusha mzigo! Nikachungulia kwenye kioo. Loo! Niliona mlima, na chini ya mlima shimo la machimbo, na kutoka machimboni reli inapanda kwa kona mpaka juu penye nyumba. Na juu ya reli kulikuwa na matoroli yanapanda yenyewe. Hakuna dereva, hakuna utingo, hakuna mtu wa kupiga filimbi. Nikavuta kigoda nikakaa.

Gemu lenyewe linaitwa Minecraft. Lilianzia Uswidi mwaka 2009, kwa mtu mmoja aitwaye Markus Persson, na mwaka 2014 kampuni ya Microsoft ikainunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Dunia yake yote ni ya vitalu vya mraba: udongo, mawe, miti, hata ng'ombe. Unachimba kitalu hapa, unakipanga pale. Tusidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Shirika la UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, liliungana na wenye gemu hilo mwaka 2012, na vijana wa Kibera wakalitumia kuchora uwanja wao wa wazi unavyotakiwa kuwa.

Hayo yote niliyajua baadaye. Usiku ule mpwa wangu alinifundisha reli tu. Na kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu, alizungumza zaidi ya sentensi mbili.

"Hii ni reli ya kawaida, mjomba, ya chuma. Hii ya rangi ya dhahabu ni ya umeme. Ukiiwasha inasukuma toroli. Ukiizima inakuwa breki." Ya dhahabu kweli: kutengeneza vipande 6 unatoa vipande 6 vya dhahabu, kijiti, na vumbi jekundu, ambalo ndilo umeme wa kule. Nikacheka. Vumbi jekundu? Hilo mbona Newala limejaa mpaka kwenye uji!

"Na hii ni faneli." Akanionyesha kitu kama kile cha juu ya mashine ya kusaga, unapomimina mahindi. Ukiweka faneli chini ya sanduku, inavuta vitu kimoja kimoja na kuvitia kwenye toroli. Ukiiweka chini ya reli, inavifyonza kutoka kwenye toroli na kuvitia kwenye sanduku la chini. Haba na haba hujaza kibaba. Toroli lenye sanduku lina nafasi 27, na kila nafasi inaingia vitalu 64. Piga hesabu: vitalu 1,728 kwa safari moja. Faneli inapitisha vitu 5 kila sekunde 2, kwa hiyo kulishusha toroli lililojaa ni dakika 11 na ushee.

"Sasa toroli linajuaje kwamba limemaliza kushusha?" nikauliza. Hilo ni swali la karani.

Macho yakamng'aa. Akasema kuna kifaa cha kupima, unakiweka kando ya faneli. Faneli ikiwa na kitu, kifaa kinatoa umeme, na ule umeme unazima mwenge. (Si ule Mwenge wa Uhuru, ni mwenge mdogo mwekundu.) Mwenge ukizimika, reli inazimika, toroli limefungwa breki. Faneli ikiwa tupu, mwenge unawaka, reli inawaka, toroli linaondoka zake. Nilibaki mdomo wazi. Mtoto wa kidato cha pili ametengeneza kituo kisichohitaji karani! Kazi yangu mimi ya miaka kumi na minne!

Lakini kulikuwa na kizaazaa, na ndicho kilichomnyima usingizi. Aliweka matoroli matano kwenye njia moja ili mzigo uende haraka. Siku mbili mambo yakawa safi. Siku ya tatu sanduku la juu likajaa kokoto. Sanduku likijaa, faneli haina pa kumwaga. Isipomwaga, haiwi tupu. Isipokuwa tupu, toroli haliondoki. Linakuja la pili linaligonga la kwanza, linarudi nyuma mteremkoni, linakutana na la tatu linalopanda... patashika! Yote matano yamekwama mlimani, na machimboni mzigo unazidi kurundikana.

"Nimebadilisha nyaya mara sita," akasema. "Sijui kosa liko wapi."

Ndugu msomaji, mimi kosa nililiona palepale, maana nimelitolea jasho. Korosho ya mkulima inakuja chama cha msingi, inapimwa, inachambuliwa, daraja la kwanza huku, la pili huku. Inatiwa kwenye magunia ya katani, inapakiwa kwenda ghala kuu kusubiri mnada. Huo ndio mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza huku kwetu msimu wa 2007. Sasa ghala kuu likijaa, malori yanapanga foleni getini. Dereva analala chini ya gari. Vyama vya nyuma navyo vinajaa, kwa sababu magari yote yako kwenye foleni. Mkulima anakuja kunigombeza mimi: "Karani, korosho zangu zinakaa nje mpaka lini?" Na mimi sina jibu, maana tatizo liko mbali na dirisha langu.

Nikamwambia, "Mjomba, nyaya zako hazina kosa. Unapakia bila kuuliza kama juu kuna nafasi."

Akasema umeme wa vumbi jekundu hausafiri mbali, vitalu 15 tu kisha unahitaji kusukumwa tena. Kutoka juu mpaka machimboni ni zaidi ya vitalu 300. Kupeleka habari ni gharama.

Hapo nikamkumbuka babu yetu, mzaa mama. Babu alikuwa kibarua wa reli. Ndiyo, reli ya kweli, ya hapa hapa kusini! Waingereza walileta mpango wao wa karanga mwaka 1947, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake. Mwaka 1949 treni ikaanza kutembea kutoka pwani ya Lindi kuelekea huko, na baadaye tawi likafika Masasi. Karanga zenyewe hazikustawi. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na serikali yao ikapoteza zaidi ya pauni milioni 35. Reli ikaendelea kujikongoja bila mzigo wa kutosha mpaka 1962, ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Babu akarudi nyumbani kulima mihogo. Mpaka anakufa, akisikia honi ya lori mbali alikuwa anainua kichwa.

Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, kwa nini walijenga reli kabla ya kujua kama kuna mzigo?"

Swali hilo wakubwa wa London walipaswa kuulizwa na mtoto kama huyu mwaka 1947.

Nikamweleza kwamba reli za njia moja zilikuwa na utaratibu wao. Kila kipande cha njia kilikuwa na kijiti chake kimoja tu. Dereva asiye na kijiti mkononi haingii, hata kama njia anaiona nyeupe mpaka mwisho. Treni inayotoka ndiyo inayokileta kwa inayongoja. Hapakuwa na haja ya waya mrefu. Habari ilikuwa inasafiri ndani ya treni yenyewe.

Akanyamaza. Nikadhani kachoka. Kumbe anapiga hesabu!

"Kwa hiyo toroli likirudi tupu ndiyo kijiti," akasema taratibu. "Kwa sababu lisingerudi kama juu hakuna nafasi."

"Eeh!"

Tukafanya kazi mpaka adhana ya alfajiri. Tukaondoa matoroli matatu, tukabakiza mawili. Tukajenga njia ya kurudia. Mwisho wake tukaweka reli ya kuhisi, toroli tupu likiikanyaga ndiyo inaliruhusu lililopakia kuondoka. Kwenye mpando tukazisogeza reli za dhahabu karibu karibu, maana toroli lililojaa linachoka upesi kuliko tupu. Hata lori linalopanda Newala kutoka Masasi linajua hilo. Juu tukaongeza masanduku mawili ya akiba. Toroli la kwanza likaondoka, likashusha, likarudi. Likatoka la pili. Mpwa wangu akacheka kwa sauti, na mke wangu akaja mlangoni kapigwa na butwaa.

Ndipo nilipoona kitu. Pembeni ya kituo kulikuwa na njia nyingine, imeota majani kandokando, inaelekea upande wa pili wa mlima. Nikauliza, hii nayo ya wapi?

Kicheko kikakatika.

"Hiyo aliijenga baba. Inatoka machimbo yetu ya zamani. Usiku ule kabla hajaugua alipakia toroli kule, akalituma, halafu akaja nyumbani kwa njia ya mkato. Akaniambia, mzigo wako uko njiani, kaungoje kituoni. Haukufika."

"Umepotea?"

"Haupotei, mjomba. Kwenye gemu, mahali ulipo wewe ndipo dunia inapotembea. Ukiwa mbali, huko kila kitu kinasimama kilivyo. Toroli limesimama katikati. Nikilikaribia litaendelea."

"Sasa mbona huendi?"

Akatazama vidole vyake. "Likifika, si ndiyo basi tena?"

Ndugu msomaji, nilikuwa sina cha kusema. Nilikuwa na laki moja ya watu tumboni kwangu, tena nimeshaila, na saa nne asubuhi mnunuzi atabisha hodi. Nilikuwa nimeuza mzigo uliokuwa njiani.

Mnunuzi alikuja. Nikamwambia ukweli, kwamba nimekosea, kitu si changu. Alikasirika, na alikuwa na haki. Nikamwomba anivumilie, nikauza baiskeli yangu wiki ile ile nikamrudishia fedha yake yote. Sare na godoro vikasubiri korosho. Mke wangu alinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta kakaa na kijana anamwonyesha namna ya kufuga kuku kwenye kioo.

Septemba dada alipanda kutoka Masasi kuja kumwona mwanawe. Jumapili baada ya chakula nikamwambia mpwa wangu, "Mama yako yupo, mimi nipo. Mzigo uliokwama haufuatwi na mtu mmoja." Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaileta kompyuta mezani.

Akaifuata reli ya baba yake kwa miguu, mlima mpaka mlima. Tulikuwa tunatazama bila kupumua. Mara kwa mbali, kwenye kona, kitu cha kijivu. Kilikuwa kimesimama muda wote huo, na tulipokikaribia kikaanza kutembea chenyewe, kana kwamba hakikuwahi kusimama. Kikatupita. Kijana akageuka akakimbia nacho mpaka kituoni. Faneli ikaanza kushusha. Makaa ya mawe. Mikate kumi na miwili. Mwenge ukawaka, toroli likarudi lilikotoka.

"Alikuletea mikate," dada akasema, na khanga ikaenda machoni. Kijana hakulia. Aliweka kichwa begani kwa mama yake, mkubwa vile vile alivyo. Mimi nikatoka nje nikasingizia kufunga mbuzi. Mbuzi sina.

Nilipokuwa nje nilimwomba shemeji radhi. Nyumba ya kwenye kioo ilikuwa na watu ndani, mimi ndiye sikuwaona.

Msimu ulipofunguliwa, mpwa wangu alinichorea kwenye daftari mpango wa magari ya chama chetu: gari lisitoke mpaka lililotangulia lirudi tupu. Wenzangu walicheka, kisha tukalijaribu kwa wiki kadhaa. Siwezi kukudanganya kwamba foleni imekwisha, maana geti la ghala kuu si letu. Ila madereva wetu wawili walilala majumbani kwao, na wake zao wanamsalimia sana kijana.

Sasa akinisalimia haishii kwenye marahaba. Jana kaniuliza kama babu aliwahi kupanda ile treni au alikuwa anaijenga tu. Sikuwa na jibu. Nimemwahidi tutakwenda Masasi kumuuliza bibi mdogo, naye ndiye aliyebaki.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtoto anayeinamia kioo usiku, usianze na kufoka kama mimi. Vuta kigoda, umuulize anashusha mzigo gani. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.